Mwili na Roho: Mgonjwa Apelekwe Hospitali au Aombewe?



Asubuhi moja mama mmoja alifika zahanati akimshika mkono binti yake wa miaka 11. Mkono mwingine wa mtoto ulikuwa umefungwa kanga. Tulipoifungua tukaona ameungua kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ameangukia mafiga, chungu kikiwa motoni, na hapakuwa na mtu karibu wa kumvuta. Mtoto huyo tulimfahamu. Ana kifafa, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akimeza vidonge vyake kila jioni bila kuanguka hata mara moja.

"Mama, vidonge viliisha?" tulimwuliza.

"Havikuisha, Sista," akajibu huku akilia. "Niliambiwa ugonjwa huu ni wa roho, si wa mwili. Nikaambiwa vidonge ni vya mwili, haviwezi kugusa roho. Basi nikaviacha, tukaanza kufunga na kuomba."

Mama huyu hakuwa mzembe. Alimpenda mwanawe, na alikuwa na imani. Tatizo lake lilikuwa kwamba alifundishwa vibaya juu ya mtu ni nini. Aliambiwa kwamba ndani ya binti yake mna vitu viwili vilivyokaa pamoja kama wapangaji wawili katika nyumba moja, kila mmoja na mlango wake: mwili wenye daktari wake, na roho yenye mwombezi wake. Kwa sababu ya fundisho hilo mtoto ameungua mkono.

Ndiyo maana mwezi huu, kabla ya kuzungumza juu ya dawa, tunataka kujiuliza swali ambalo labda mngelitegemea kwenye ukurasa wa katekisimu: mtu ni nini? Tukilijibu vizuri, tutajua pia namna ya kumtunza mgonjwa.

Swali la zamani sana

Watu wamelijadili swali hili tangu kale. Kwa Wayunani, mwanafalsafa Plato, aliyefariki mwaka 347 K.K., alifundisha kwamba roho ndiyo mtu mwenyewe, na mwili ni kama gereza lake. Kwa maoni hayo kifo ni kufunguliwa mlango. Fundisho hili lina jambo zuri ndani yake, maana linakiri kwamba mtu si nyama na mifupa tu. Lakini lina hatari: ukiona mwili ni gereza, utautunza kwa shingo upande.

Mwanafunzi wake Aristotle, aliyefariki mwaka 322 K.K., hakukubaliana naye. Yeye alisema roho ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili ulio hai. Akatoa mfano wa jicho. Jicho lililochongwa kwa jiwe linaitwa jicho kwa jina tu, kwa sababu halioni. Kuona si kitu kinachokaa ndani ya jicho kama maji ndani ya mtungi. Kuona ndiko uhai wa jicho lenyewe. Vivyo hivyo roho haikai ndani ya mwili kama mpangaji. Ndiyo uhai wake.

Katika zama hizohizo za kale, waganga wa Kiyunani waliofuata shule ya Hippocrates waliandika kitabu kizima juu ya kifafa. Wakati ule watu waliuita ugonjwa huu "ugonjwa mtakatifu", wakidhani miungu ndiyo inayomwangusha mgonjwa. Kitabu hicho, chenye umri wa miaka karibu 2400, kilisema kwamba kifafa si kitakatifu kuliko magonjwa mengine, na kwamba chanzo chake kiko kwenye ubongo. Basi yale aliyoambiwa mama yetu yalikuwa yamejibiwa karne nyingi kabla ya Kristo.

Waliotaka kumgawa mtu

Hata hivyo wazo la kumgawa mtu vipande viwili halikufa. Katika karne ya 3 alitokea Mani, mtu wa nchi za Uajemi, aliyefundisha kwamba roho imetokana na nuru na mwili umetokana na giza. Mtakatifu Augustino katika ujana wake aliwafuata Wamani kwa miaka karibu tisa kabla ya kubatizwa mwaka 387. Baadaye aliwapinga kwa nguvu zake zote, akifundisha kwamba Mungu mwema ndiye aliyeumba mwili, na kwamba dhambi haitokani na nyama bali na utashi uliopotoka.

Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, aliyefariki mwaka 1650, alimgawa mtu kwa njia nyingine. Alisema kuna kitu kinachofikiri, nacho ni roho, na kuna kitu chenye urefu na upana, nacho ni mwili; na mwili hufanya kazi kama mashine. Mwaka 1643 binti wa mfalme, Elisabeth wa Bohemia, alimwandikia barua akimwuliza swali rahisi: ikiwa roho haina umbo wala uzito, inausukumaje mwili? Descartes alidhani vitu hivyo viwili hukutana kwenye tezi ndogo katikati ya ubongo, lakini jibu lake halikumridhisha binti yule, wala halijawaridhisha wengi hadi leo.

Wapendwa, msidhani mambo haya ni ya wasomi wa Ulaya peke yao. Kosa la Mani linaingia nyumbani mwetu pale mtu anaposema dawa ni jambo la kidunia lisilomfaa aliyeokoka. Kosa la kuuona mwili kama mashine linaingia hospitalini pale mgonjwa anapoitwa "yule ini wa kitanda namba nne", asisalimiwe, asielezwe ugonjwa wake, wala asiulizwe nani anamlea mwanawe nyumbani. Kosa la kwanza linausahau mwili na la pili linaisahau roho, na katika makosa yote mawili anayeumia ni mtu yuleyule.

Lugha yetu inavyosema

Waswahili wana hekima yao katika maneno. Neno "roho" tunalitumia kwa uhai usiokufa, lakini pia kwa koo: tunasema fulani alimkaba mwenzake roho. Anayefariki amekata roho, na mwenye hofu ana roho juu. Jambo la kupendeza ni kwamba hata Waebrania, waliotuachia Agano la Kale, walikuwa na neno moja, *nefesh*, lililoweza kumaanisha koo, pumzi, uhai na nafsi ya mtu. Watu hao hawakumwona mtu kama vitu viwili vilivyounganishwa kwa gundi. Walimwona ni mmoja, anayehema, anayeona njaa, anayemlilia Mungu.

Padre Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kibantu, alionyesha kwamba lugha zetu huvipanga viumbe kwa namna inayofundisha: kuna *muntu* na kuna *kintu*. Nasi kwa Kiswahili tunasema mtu na kitu. Shina la maneno hayo ni moja, ila kiambishi cha mwanzo hubadilisha kila kitu. Basi tukimtunza mgonjwa tujihadhari tusimwondolee ile "m" yake tukambandika "ki".

Maandiko na mafundisho ya Kanisa

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinasimulia kwamba Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi, akampulizia pumzi ya uhai, na ndipo mtu akawa hai. Hatusomi kwamba Mungu alichukua roho iliyokuwa tayari akaifungia ndani ya udongo. Aliumba mtu mmoja, kwa udongo na kwa pumzi.

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alichukua mafundisho ya Aristotle akayatia katika mwanga wa Injili. Akifafanua barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, alisema kwamba roho yangu peke yake siyo mimi. Hivyo hata roho ikiwa salama mbinguni, bado mtu mzima anangoja ufufuko. Mtaguso wa Vienne, uliofanyika Ufaransa mwaka 1311 hadi 1312, ulitangaza kwamba roho yenye akili ndiyo inayoupa mwili wa mtu uhai na umbile lake, kwa yenyewe na kwa asili yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika Ulimwengu wa Leo ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba mtu ni mmoja kwa mwili na roho, na kwamba haruhusiwi kuudharau mwili wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inarudia hilohilo, na inaongeza kwamba kila roho inaumbwa na Mungu mwenyewe, haitoki kwa wazazi, wala haifi mwili unapokufa.

Sehemu hizo mbili za fundisho tuzishike pamoja. Roho haifi, hiyo ni imani yetu. Lakini mwili nao umekusudiwa uzima wa milele, ndiyo maana kila Dominika tunaungama ufufuko. Yesu mwenyewe hakutuokoa kwa mawazo. Alitwaa mwili tumboni mwa Bikira Maria, akaona njaa, akachoka, akafufuka akiwa na makovu mikononi.

Tena, kwa kuwa roho inatoka kwa Mungu, ugonjwa wa ubongo hauwezi kuipunguza. Mtoto mwenye kifafa ana roho nzima. Babu aliyesahau majina ya wajukuu wake ana roho nzima. Mgonjwa asiyejitambua kitandani ni mtu kamili, na tunapaswa kumsemesha, kumfunika na kumwombea kama mtu kamili.

Mwili na roho huathiriana

Umoja huu tunauona kila siku. Ukiaibika, damu hukupanda usoni. Ukiogopa, moyo hudunda na viganja hutoa jasho. Aliyefiwa hukosa usingizi na hamu ya chakula. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka sana anaweza kuwa mkali na kusema maneno yasiyoeleweka. Akipewa maji ya sukari, anarudi katika hali yake. Mwenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo huwa mzito na mwenye huzuni. Malaria kali ikipanda kichwani humfanya mtu aweweseke na kupiga kelele, na wako waliopelekwa kuombewa siku nzima wakati walipaswa kuwa wodini wakipewa dawa.

Basi tukiona tabia ya mtu imebadilika ghafla, tusiharakishe kusema "ana mapepo" au "amerogwa". Pengine ni homa. Na tukiona mtu anaumwa kichwa na tumbo kila siku na vipimo havionyeshi kitu, tusiharakishe kusema "anajifanya". Pengine amebeba huzuni nzito isiyosemwa, na huzuni ya muda mrefu, yaani sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba.

Na yule mtoto wa kwenye Injili?

Hapo wengi watauliza: "Lakini, Sista, Injili ya Marko sura ya 9 inasema yule kijana aliyekuwa akiangushwa motoni na majini alikuwa na pepo!"

Ni swali zuri, wala hatutalikwepa. Ni kweli Marko anasimulia kwamba Yesu alimfukuza pepo. Lakini tusome pia Mathayo sura ya 4, aya ya 24, palipoorodheshwa wagonjwa walioletwa kwa Yesu. Pale wenye pepo wametajwa peke yao, wenye kifafa peke yao, na waliopooza peke yao. Mwinjili mwenyewe hakuwachanganya, nasi kwa nini tuwachanganye? Kanisa halijafundisha kamwe kwamba kila anayeanguka ana pepo. Katekisimu inasema wazi kwamba magonjwa, hasa ya akili, ni jambo jingine na ni kazi ya tabibu. Na kabla ya kupunga pepo lazima kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa. Zaidi ya hayo, kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, padre haruhusiwi kumpunga pepo aliyepagawa bila ruhusa ya wazi ya Askofu. Mlei hana ruhusa hiyo kabisa.

Mwaka 2000 Idara ya Mafundisho ya Imani huko Roma ilitoa maelekezo juu ya sala za kuomba uponyaji. Ilisema kwamba kumwomba Mungu uponyaji ni jambo jema, tena sala hiyo haizuii matumizi ya dawa bali inatuhimiza kuzitumia. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, alikwishafundisha hivyo zamani: mgonjwa asali, asafishe moyo wake, kisha ampe nafasi tabibu, maana tabibu na dawa vyote vimetoka kwa Bwana.

Somo la Mahenge

Hapa kwetu Tanzania tunao ushuhuda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifanya kazi Mahenge, katika milima ya Ulanga. Aliwakuta Wapogoro wengi wenye kifafa. Watu waliwaogopa kwa kudhani mate ya mgonjwa yanaambukiza. Wengi walitengwa, na baadhi yao walikuwa na makovu ya moto. Aliwafungulia kliniki, akawapa fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912, na wengi walipata nafuu kubwa.

Daktari huyo aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Miaka mingi baadaye hali hiyo ilijulikana pia huko Uganda ya Kaskazini na Sudan Kusini. Watafiti wameona kwamba kifafa ni kingi zaidi mahali penye ugonjwa wa usubi, ambao minyoo yake huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Ndiyo maana katika maeneo hayo ni muhimu kila familia kumeza dawa ya usubi inapogawiwa. Kama watu wangebaki wakisema "ni ugonjwa wa roho", nani angekwenda kuchunguza inzi wa mtoni?

Kifafa ni nini hasa?

Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Umeme huo ukiwaka kwa fujo mahali fulani, mtu huanguka na kukakamaa, au hutikisika mkono mmoja, au huduwaa kwa muda mfupi bila kusikia. Anayepatwa na hali hiyo zaidi ya mara moja bila homa au sababu nyingine ya wakati uleule hupimwa kama ana kifafa. Chanzo chaweza kuwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, kiharusi, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia mwilini kwa chakula au maji machafu. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa mkojo, wala si kwa kula sahani moja.

Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 kati ya kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa vizuri.

Mtu akianguka, fanyeni hivi:

1. Ondoeni vitu vya hatari karibu naye: moto, maji, mawe, visu.
2. Wekeni kitu laini chini ya kichwa, legezeni nguo shingoni.
3. Msimkamate kwa nguvu. Msimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni, ulimi haumezwi.
4. Mtikisiko ukipungua, mlazeni kwa ubavu ili mate yatoke.
5. Angalieni saa. Ikipita dakika 5, au akirudia kuanguka kabla ya kuzinduka, mkimbizeni hospitali.
6. Kaeni naye mpaka azinduke. Mwiteni kwa jina lake. Msimpe chakula wala maji kabla hajazinduka vizuri.

Nyumbani, inueni mafiga au yazungushieni ukuta mdogo wa udongo. Mwenye kifafa asichote maji kisimani wala mtoni akiwa peke yake.

Na vidonge visikatizwe ghafla, hata kama hajaanguka miezi mingi. Kutoanguka ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Akiacha mara moja anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hali hiyo huua. Kwa kawaida daktari hafikirii kupunguza dawa kabla ya miaka 2 au zaidi bila kuanguka, na akipunguza hufanya polepole. Mwanamke mwenye kifafa anayetarajia kupata mimba amwone daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa zaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Dawa na sala katika nyumba moja

Je, tunasema sala haina kazi? Hapana, wapendwa! Tunasema sala na dawa zinamtunza mtu yuleyule mmoja. Angalieni sakramenti zetu: maji kichwani, mafuta kwenye paji la uso, mkate mdomoni. Tertuliano wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, aliulinganisha mwili na bawaba ya mlango wa wokovu. Mungu akitaka kuigusa roho hapiti kando ya mwili.

Tukumbuke hasa Mpako wa Wagonjwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963, na baadaye Papa Paulo VI mwaka 1972, walifundisha kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho tu. Ni ya kila Mkristo aliye katika hatari kwa ugonjwa mkubwa au uzee, na aweza kuipokea kabla ya upasuaji mkubwa. Paroko akija na mafuta matakatifu, ndugu wasitoke nje wakilia kana kwamba jeneza limekwisha chongwa. Amekuja kumtia mgonjwa nguvu.

Basi kila familia yenye mgonjwa ifanye hivi. Vidonge vya jioni vimezwe wakati wa sala ya familia. Mtoto ameze dawa yake, kisha wote waseme Baba Yetu. Kwa njia hiyo dawa haitasahaulika, na mtoto hatajifunza kamwe kwamba imani na matibabu ni maadui. Mtoto mwenye kifafa aende shule, aandikishwe mafundisho ya Komunyo ya Kwanza pamoja na wenzake, na katekista aelezwe la kufanya akianguka. Jumuiya imtembelee pia anayemwuguza, maana mama anayelala nusu macho kila usiku naye ana mwili na roho vinavyochoka.

Na mtu yeyote akikuambia, hata kwa jina la Yesu, kwamba utupe dawa ili uonyeshe imani, usimsikilize. Mwambie paroko wako na mwambie mhudumu wa afya.

Yule binti alilazwa. Kidonda chake kilichukua majuma mengi kupona, na vidole viwili havikunjuki vizuri hadi leo. Amerudia vidonge. Siku aliyoruhusiwa, mama yake alituuliza kwa sauti ya chini kama bado anaruhusiwa kumwombea. Tukamwambia, "Mama, omba kila siku. Ila ukishaomba, mpe na maji amezee dawa."

Mungu awabariki, na Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yuko mgonjwa aliyefichwa ndani au anayekula peke yake? Nani atakwenda kumwona juma hili?
2. Je, tumewahi kumshauri mtu aache dawa, au kunyamaza tuliposikia akishauriwa hivyo?
3. Kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili na saba ya kiroho, ni lipi tunaloweza kumtendea anayeuguza mgonjwa wa muda mrefu?